Jina Lilikwenda Kwako, Damu Ilipitia Kwangu

Nyambura, mama yangu niliyemzaa mwenyewe,

Nakuandikia ukiwa bado kwa msusi. Kwa jinsi nilivyokuona ukitoka na yale mafungu ya nywele, nina hakika nitamaliza barua hii, nitaisoma, nitaikosoa kama mwalimu wa zamu, na wewe hujarudi. Mama yako yuko chumbani anapigana na sanduku lako. Ameweka maharagwe. Nimemwambia hata Lodwar watu wanakula maharagwe. Ameniangalia tu, akaongeza maharagwe meusi ya njahi.

Mambo ya neti, maji ya kunywa, nani wa kusalimia na nani wa kukwepa, nimemwachia yeye. Mimi katika hayo sina cheo. Mtu ambaye hawezi kupata soksi zake bila kuita jina la mke wake mara tatu hawezi kumfundisha mwingine jinsi ya kuishi peke yake. Nataka kuzungumza nawe juu ya jambo moja, nalo ni damu. Nakuona hapo ukizungusha macho. "Tena, Baba?" Ndiyo, tena. Ila leo sitakupa namba yoyote.

Safari hii ya kwenda kufundisha Lodwar umeshaiahirisha mara moja kwa sababu yangu. Ulikuwa umefunga kila kitu, ukafungua, ukampigia mwalimu mkuu ukamwambia baba yako ni mgonjwa. Kesho nataka uende. Na nataka uende wewe mzima, si nusu yako ipande gari na nusu ibaki hapa Ruiru ikinifunga mkanda wa presha. Ndiyo maana naandika. Mdomo wangu ukianza jambo zito huteleza ukaingia kwenye mzaha, na wewe unajua mzaha wangu ulikotaka kunipeleka.

Unajua sisi tunavyogawa majina. Mtoto wa kwanza wa kike ni mama ya baba yake. Hatusemi amefanana naye. Tunasema ni yeye. Ulipozaliwa, Cucu, mama yangu, alikuja hospitali kutoka Murera akiwa bado na udongo wa shamba kwenye viatu, akakubeba, akakutazama kwa muda, akasema, "Haya. Mimi nimefika. Sasa yule mwingine anaweza kupumzika." Tangu siku hiyo nikawa mwanamume mwenye mama wawili, mmoja na jembe, mwingine na nepi. Ndiyo sababu sijawahi kukugombeza vizuri. Nikianza tu naona ninamkosea adabu mtu mkubwa. Mama yako ndiye aliyebeba kazi hiyo yote, na bado ananilaumu.

Cucu alikuwa na presha, hilo tulijua. Alikuwa pia na vidole vilivyopinda na viungo vilivyovimba, hasa asubuhi, mpaka alikuwa akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtu anayeomba. Sisi tulisema ni baridi ya shamba na uzee. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ule uvimbe wa vidole una habari yoyote na kichwa.

Siku ile tulikuwa Murera, nyumba nzima, tunapukuchua mahindi. Wewe ulikuwa unacheza na magunzi. Gunzi likamponyoka Cucu. Akaliokota, likamponyoka tena. "Mkono umelala," akasema, akacheka. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Niliona, Nyambura. Usije ukafikiri sikuona. Nilikuwa nimeketi mbele yake. Nikasema, "Mama umechoka, ingia ndani ulale kidogo." Dada yangu, Tata Wairimu, akamfuata na mafuta ya kukamulia ng'ombe, akampaka mkono wote mpaka begani, na sisi wengine tukaendelea na mahindi. Tulizungumza hata siasa. Jua lilipokuwa linashuka, Tata akatoka nje akasema mama hawezi kuongea.

Hospitalini Thika daktari aliuliza ilianza saa ngapi. Tukaangaliana. Hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alisema tu, "Siku nyingine, msimwache mtu alale."

Mengine unayakumbuka mwenyewe. Alikaa nasi hapa, kwenye chumba ambacho sasa mama yako amekijaza njahi, mpaka ulipokuwa darasa la pili. Wewe ndiye uliyekuwa ukimlisha uji. Ulikuwa ukimwambia, "Meza, Nyambura," na mimi nilikuwa natoka nje.

Tulipomzika, Tata Wairimu alikushika bega mbele ya watu akasema, "Nyambura ndiye huyu sasa. Mwangalieni chumvi." Wengine walisikia maneno ya mtu mwenye huzuni. Mimi nilisikia amri. Mimi, foreman wa kiwanda cha nguo, niliyekuwa nikijaza ripoti za mashine kila siku na kujua kila kitambaa kilichokatika uzi, nikaamini kwamba ugonjwa ule umefuata jina. Nikakulinda kama yai. Kaka yako Kamau alikula chipsi akilamba chumvi vidoleni, na wewe ukapewa viazi vya kuchemsha, ukiuliza umekosa nini. Nadhani wewe ndiye mtoto pekee Ruiru aliyepimwa presha kabla meno ya utotoni hayajaisha. Yule mtu wa duka la dawa alinichoka.

"Baba Kamau, huyu mtoto ni mzima," aliniambia siku moja. "Lakini wewe je? Weka mkono hapa nikupime."

"Mimi?" nikamwambia. "Mimi ni Njoroge."

Akanitazama kama mtu ambaye hajajibiwa. Lakini kwangu lilikuwa jibu kamili. Mimi nina jina la babu yangu mzaa baba, Njoroge wa kwanza, aliyekufa mzee sana huku akitafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yake mwenyewe. Kwa hesabu yangu, kifo cha Cucu kilikuwa chako na maisha ya yule mzee yalikuwa yangu. Nilikuwa nimewagawia watu wa nyumba hii magonjwa kama mtu anayegawa viti kwenye sherehe, na mimi nikajipa kile chenye mto. Sikujiuliza hata siku moja kabla damu ya Cucu haijafika kwako, ilipita wapi. Ilipitia kwangu. Hakukuwa na njia nyingine.

Na huku Njoroge huyu alikuwa na magoti yaliyolia kila akishuka ngazi ya kiwanda. Pale kwenye mashine za kufuma husimama mtu zamu nzima juu ya saruji, na sisi tulikuwa na desturi yetu. Kabla ya zamu kila mmoja anameza vidonge vya maumivu kwa chai ya rangi, kama vile watu wa kanisa wanavyoshiriki meza. Vijana wapya tuliwafundisha. Nilijiona nawafundisha ujasiri. Na fizi zangu zilikuwa zinatoka damu kila nikipiga mswaki, kwa miaka mingi. Unajua nilifanya nini? Nilinunua mswaki mwekundu. Mama yako akafikiri nimeanza kupenda rangi.

Basi tufike kwenye sherehe yako ya kuhitimu. Umeisimulia kwa kila mtu kutoka Juja hadi kwa marafiki zako wa kwaya, lakini hujawahi kuisikia kutoka ndani ya kichwa changu, kwa hivyo keti.

Nilisimama kutoa hotuba. Watu walikuwa wameshiba na hema limejaa, na wewe umevaa lile joho ambalo hukutaka kulivua hata wakati wa kula. Nilitaka kusema, "Binti yetu ametutoa mbali." Kichwani sentensi ilikuwa imenyooka. Ikatoka kama ugali ulioanguka mchangani. Nikajaribu tena. Watu wakacheka. Kwa nini wasicheke? Miaka yote nimewazoesha kwamba Njoroge akisimama ni vichekesho. Jirani yetu Baba Nekesa, ambaye ni Mbukusu, akapaza sauti kutoka meza ya nyuma, "Eeh! Leo Njoroge anaongea Kibukusu!" Hema zima likavunjika mbavu. Na mimi, mwanangu, nilicheka pamoja nao. Niliona hata kwangu ni mzaha, nikangoja tu uishe.

Wewe peke yako hukucheka. Ulikuja mbele umeshika joho lako kama mtu anayevuka matope, ukanishika uso.

"Baba, cheka."

Nilidhani unanipongeza.

"Cheka nikuone meno! Sasa inua mikono. Yote miwili. Baba, yote miwili!"

Niliinua yote miwili. Mmoja ukashuka wenyewe, na sikuutuma. Hapo vicheko vikakatika. Tata Wairimu akaanza, "Apewe maji ya sukari, alale kidogo..." na wewe ukamgeukia shangazi yako, mbele ya wazee wote, ukasema, "Tata, hapa halali mtu." Halafu ukamwita Baba Nekesa kwa sauti ambayo sikujua unayo: "Gari! Sasa hivi!" Masikini yule mtu alikimbia na sahani yake. Nyama iliendeshwa mpaka hospitali.

Tulipofika ulimi ulikuwa umeanza kurudi. Daktari, yule mwanamke mdogo mwenye sauti ya mtu mkubwa, akasema ni kiharusi cha kupita, damu iliziba mahali kichwani kwa muda kisha ikafunguka, na hii ndiyo aina ambayo watu huisahau mpaka ile kubwa ije iwakumbushe. Akapima presha, akatikisa kichwa. Akachukua damu. Halafu akauliza juu ya familia.

"Mama yangu alikufa kwa kiharusi," nikamwambia. "Lakini jina lake liko kwa huyu msichana."

Aliacha kuandika. Nikaona anataka kucheka, kisha akaona uso wangu, akaelewa kwamba sitanii. "Baba," akasema polepole, "mimi pia nina jina la cucu yangu. Watu wa nyumbani huniambia natembea kama yeye. Lakini damu haijui mambo ya majina. Yule alikuwa mama yako. Wewe ndiye uliyetoka kwake kwanza."

Wewe ulikuwa umesimama kando ya kitanda, bado na joho. Sijui kama uliniona. Nilihisi kama mtu aliyelinda mlango wa mbele miaka yote, akageuka akakuta nyumba haina ukuta wa nyuma. Na nilihisi kingine nisichokuambia mpaka leo. Nilihisi nafuu. Kumbe si wewe. Kumbe nilikuwa nakuogopea kitu kilichokuwa kimekaa kwangu.

Majibu ya damu yalipokuja, mafuta hayakuwa mabaya sana, sukari ilikuwa sawa, lakini kile kipimo wanachokiita CRP kilikuwa juu. Ulimuuliza daktari maswali mpaka nikaona aibu, nikafikiri utamwomba cheti chake. Alikueleza vizuri, nami nilisikiliza kuliko nilivyojifanya. Alisema ni protini inayotengenezwa na ini wakati mwili unapigana na kitu: vidudu, kidonda, viungo vilivyovimba. Mapigano ya siku chache ni kawaida. Mapigano yasiyoisha ndiyo yanayochokoza kuta za mishipa, na yale mafuta yaliyojishika ukutani yanalegea, yanapasuka, damu inaganda juu yake, kipande kinapanda kichwani.

"Lakini nisikilizeni," akasema. "Hii namba haisemi baba atapata kiharusi. Inasema tu kuna vita mahali. Haisemi ni wapi, na haisemi lini. Presha ndiyo mkubwa wa hatari zote hapa, na hiyo tutaishughulikia kwanza. Sasa baba, fungua mdomo."

Nikafungua. Akamulika.

"Hizi fizi zimetoka damu kwa muda gani?"

"Nina mswaki mwekundu," nikasema.

Hakucheka. Wewe hukucheka. Mama yako, ambaye ndipo alipoelewa habari ya ule mswaki, aliweka mkono mdomoni. Hapo ndipo nilipojua mambo ni makubwa, maana sijawahi kutoa mzaha ukakosa hata mteja mmoja.

Akauliza kuhusu dawa. Nikamweleza ule ushirika wetu wa vidonge na chai. Akasema vile vidonge, vikimezwa hivyo kila siku, vinapandisha presha na vyenyewe vinaongeza hatari, na kwamba maumivu nilikuwa nayanyamazisha tu huku uvimbe ukiendelea na shughuli zake. Akauliza na kama mama yangu aliwahi kuvimba viungo. Nilipomweleza jinsi vidole vyake vilivyokuwa vimepinda, akasema ule huenda ulikuwa ugonjwa wa viungo ambao huwasha mwili wote, si vidole tu, na watu wenye ugonjwa huo mishipa yao huchoka mapema. Baridi ya shamba! Sisi na baridi yetu ya shamba. Tulikuwa tunamnunulia glavu.

Kazini nimewaambia vijana. Wengine wananisikiliza, wengine wananiita Daktari. Sijali. Nilipowafundisha kumeza walinisikiliza bila swali. Siwezi kulalamika wakiniuliza maswali ninapowafundisha kuacha.

Baada ya hapo ulinichukua mikononi. Foreman nikapata foreman. Dawa ya presha kila asubuhi mbele ya macho yako, daktari wa meno, chumvi ikafichwa mahali ambapo hata mama yako alikuwa anaitafuta. Kipimo cha pili kilipokaribia nilifanya jambo la kijinga ambalo ulilijua kwa harufu. Wiki nzima nilikunywa maji ya vitunguu saumu na tangawizi na manjano, nikala kidogo, nikaenda maabara kama mtoto aliyekesha akisoma kabla ya mtihani. Daktari alirudi nyuma hatua moja nilipomsalimia. "Mzee," akasema, "hatupimi ili ufaulu. Tunapima ili tujue." Namba ilikuwa imeshuka, nikajigamba ni vitunguu. Alisema ni fizi kupona. Basi, nilikubali, ingawa vitunguu sijavinyima heshima yao.

Halafu ikaja barua yako ya kazi. Mwalimu wa kemia, Lodwar. Mama yako alilia, akacheka, akaanza kutafuta sanduku siku hiyo hiyo. Nawe ukasema, "Nitaenda, lakini Baba apimwe kwanza." Nikapata homa ya mafua, ile iliyokuwa imeshika nusu ya Ruiru. Nikaificha. Nilikuwa namezea kikohozi chooni. Nilifikiri, nikisema nina homa utangoja nipone, na ukingoja utakosa nafasi. Nikaenda kupimwa hivyo hivyo, mwili ukiwaka, nikitabasamu. Namba ikaruka juu kuliko hata siku ya sherehe.

Nilikutazama ukifungua sanduku. Ulitoa nguo moja moja, ukazirudisha kabatini, ukazinyoosha kwa mkono kama unalaza mtoto. Kisha ukatoka nje na simu. Mimi nilijua ukweli na bado nilikaa pale kwenye kiti, kwa sababu wakati huo hata mimi namba ile ilikuwa imeniogopesha. Sikujua tena kama ni homa au ni kile kingine.

Daktari alipokuja kujua alikuwa mkali kweli. "Nani aliwaambia mpime mtu mwenye homa? Kipimo hiki hupanda hata kwa mafua! Rudini akishapona." Tulirudi nimepona, na ilikuwa chini, chini kabisa. Mwalimu mkuu, Mungu ambariki mtu ambaye sijamwona, alikuwa amekuwekea nafasi mpaka muhula huu. Lakini kitu kilikuwa kimeshaharibika, nami nilikiona. Namba ilikuwa imejifunza kukuita, na wewe umejifunza kuitika.

Sasa nakuja kwenye lile lililonikalisha hapa leo. Juma lililopita ulikuwa nje unaanika nguo na rafiki yako Mukami. Dirisha lilikuwa wazi. Mukami alikuwa anakutania kuhusu wanaume wa Lodwar, kwamba utaolewa kwa ngamia, nawe ukacheka. Kisha ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua itanyesha: "Mimi sipangi mambo ya mbali sana. Cucu hakufika sitini."

Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka chini.

Nyambura, hayo hukuzaliwa nayo. Umefundishwa. Nimekufundisha mimi, kwa viazi vya kuchemsha na ule mkanda wa presha uliozidi mkono wako. Mtoto mdogo akipimwa na baba yake kila mwezi kwa sababu ya jina, ataamini nini? Ataamini maisha yake mtu mwingine ameshayaishi, yeye amekuja kuyamalizia tu. Nilidhani nakulinda, kumbe nilikuwa nakuonyesha mahali pa kufia.

Kwa hivyo nisikilize, na uniamini kuliko ulivyoniamini nilipokuwa nimekosea. Wewe si Cucu. Nasema hivi mimi niliyempenda. Una kicho chake kwa Mungu na ukaidi wake na ule mtindo wake wa kufunga leso, na hayo ni mali yako. Lakini mwili ni wako. Nusu yake imetoka kwa mama yako, na watu wa mama yako, kama unavyojua, huishi mpaka wagombane na vitukuu. Pima presha yako mara moja moja, kama mtu mzima yeyote. Nenda kwa daktari wa meno bila kungoja uchungu. Vidole vikivimba asubuhi wiki baada ya wiki, usiseme ni baridi. Na Lodwar hata ukitaka kusema hivyo utachekwa. Ukishafanya hayo, weka chini. Panga mambo ya mbali. Panga ya mbali sana. Nunua ardhi, gombana na mume, zeeka vibaya.

Na sasa swali lako. Juzi tukiwa tumebaki wawili mezani uliniuliza, "Na ikitokea nikiwa huko?" Nikakujibu kwamba nitakungoja, sitaanza bila wewe. Ulicheka kidogo tu, ukaondoa vyombo. Halikuwa jibu. Jibu ni hili.

Ikitokea, mama yako anajua la kutazama: uso, mkono, maneno. Baba Nekesa anajua pia, na analala na ufunguo wa gari karibu, amejipa kazi hiyo mwenyewe tangu alipojua alicheka nini siku ile. Hata Tata Wairimu sasa anawafundisha wanawake wa kikundi chake, na ukimsikia utafikiri ni yeye aliyegundua ugonjwa. Nitapelekwa haraka. Wewe utapigiwa simu nikiwa tayari mikononi mwa madaktari, nawe utakuja kwa njia yako, bila kukimbia usiku na bila kujilaumu njiani.

Na huenda wakafanya yote hayo na bado isitoshe. Daktari hakuniahidi, nami sikuahidi. Dawa zinapunguza hatari, haziiondoi. Ikiwa hivyo, utakuja unizike, utalia, mama yako atakushika, kisha utarudi kwa wanafunzi wako. Usiseme, "Kama ningekuwepo." Mtu anaweza kuwepo akamaliza gunia zima la mahindi. Ulichoweza kunifanyia, ulikifanya ukiwa umevaa joho, na hakuna mtoto anayedaiwa kumfanyia baba yake jambo lile mara mbili.

Nina ombi moja tu. Ukipiga simu, usianze na presha. Usiulize nimemeza nini asubuhi. Mama yako yupo, na yeye huuliza kabla sijaamka. Anza na wewe. Niambie mwanafunzi gani amechoma meza ya maabara, jua la huko linakufanya nini, nani amekusalimia kwa namna iliyokufanya ugeuke. Niambie ukipika vibaya. Niambie ukipata huzuni ambayo haihusiani nami hata kidogo. Mwaka huu mzima nimekuwa mgonjwa wako, na umenitunza vizuri kuliko nilivyostahili. Lakini nimechoka kuulizwa hali, Nyambura. Nataka kukuuliza wewe.

Ni mimi,
Baba